Operesheni ya kumzuia mtoto asizidi kurefuka: someni hapa kabla hamjakata shauri

UmmuKisauni

Assalam alaykum wanajamvi. Juzi kwenye uzi wa wazazi kuna mama aliuliza kama kuna dawa ya kumzuia msichana asizidi kurefuka, akajibiwa ampe vidonge vya kupanga uzazi, mwengine akaongeza ati ambebeshe ndoo ya maji kichwani. Nimeshindwa kunyamaza, manake jambo hili liko nyumbani kwangu na nimelisomea, nimeuliza madaktari, nimelia nalo pia.

Binti yangu ana miaka 12. Ana sentimita 174, hajavunja ungo, na babake ni mtu wa sentimita 196 kwa hivyo hatukushangaa alipoanza kuwapita wenzake, ila sasa amenipita mie na shangazi zake wote na bado yuwaenda. Wifi yangu anaishi Uholanzi, na watu wa kule kwa wastani ndo warefu kuliko wote duniani, yeye ndo alotuambia kwamba huko kuna operesheni ya magoti ya kufunga urefu. Mume wangu akaipenda hapo hapo. Mie nkasema ngoja kwanza tujue ni kitu gani.

Kitu chenyewe ni hiki. Mfupa mrefu wa mtoto haukui katikati, hukua karibu na ncha zake, pale penye gegedu laini linalotengeneza mfupa mpya kila siku mpaka ujana ukiisha, hapo gegedu nalo lageuka mfupa na kukua kumekwisha. Sasa kwa miguu kazi kubwa iko gotini: ncha ya chini ya fupa la paja huongeza kama milimita 9 au 10 kwa mwaka na ncha ya juu ya muundi kama 6, ukijumlisha ni karibu thuluthi mbili ya kukua kote kwa mguu. Kwa hivyo daktari humlaza mtoto nusu kaputi, anapasua vitundu vidogo pembeni mwa magoti yote mawili, anaingiza keekee huku akitazama kwenye eksirei, anayatoboa na kuyakwangua yale magegedu, mfupa unajifunga na pale mahali hapakui tena. Hospitali ni siku moja mbili, mtoto anatoka na magongo, michezo anasubiri wiki kadhaa. Madaktari waiita epifisiodesi.

Wala si jambo la jana. Phemister wa Chicago aliiandika 1933, tena kwa sababu nyingine kabisa, watoto ambao mguu mmoja ni mrefu kuliko mwengine, unausimamisha ule mrefu ili mfupi uufikie. Mpaka leo hiyo ndo kazi yake kubwa. Kuichukua na kuifanya miguu yote miwili kwa mtoto mzima wa afya, kwa sababu tu atakuwa mrefu mno, hilo lilikuja baadae, na sana ni huko Uholanzi na Uswidi na majirani zao.

Na ilikuja kwa sababu ile njia ya homoni iliwaunguza. Hapa nataka yule alosema vidonge asome vizuri. Kuanzia miaka ya hamsini huko Marekani, Australia na Ulaya wasichana warefu walikuwa wakipewa estrojeni, ile homoni ya kike, kwa kipimo kikubwa mno, mara nyingi zaidi ya kile cha vidonge vya uzazi, ili magegedu yafunge mapema. Sababu walizotoa wazazi na madaktari wakati huo ni zile zile za kwetu, ataolewa na nani, atavaa nini. Basi Australia walirudi kuwatafuta wale wasichana wakiwa wanawake wazima, na 2004 ikachapishwa kwenye jarida la Lancet kwamba walotibiwa walichukua muda mrefu zaidi kushika mimba na walihitaji dawa za uzazi zaidi kuliko wanawake warefu wenzao ambao hawakutibiwa. Yani mtoto alipunguziwa urefu ili aolewe, akafika kwenye ndoa akahangaika kupata mtoto. Nilipoisoma hiyo nilifunga simu nkakaa.

Kwa hivyo operesheni ni afadhali kuliko homoni, hilo nalikubali kabisa. Lakini afadhali si sawa na lazima.

Njooni kwenye hesabu sasa. Mtoto hupigwa eksirei ya mkono wa kushoto, inalinganishwa na kitabu cha picha cha Greulich na Pyle kujua mifupa yake ina umri gani, halafu kuna jedwali la Bayley na Pinneau la 1952 linalokwambia kwa umri huo wa mifupa mtu ameshafika asilimia ngapi ya urefu wake wa mwisho. Wa kwangu mifupa yake ni ya miaka 12, jedwali lasema karibu asilimia 92, ukigawanya 174 wapata kama 189. Bado sentimita 15. Na operesheni haiziondoi zote 15, manake uti wa mgongo unaendelea, nyonga zinaendelea, vifundo vinaendelea. Madaktari wa hospitali ya Karolinska, Stockholm, Uswidi, walipotoa matokeo yao 2010 wasichana walipungua kama sentimita 4 kutoka kwa kile kilichotabiriwa na wavulana kama 6. Mweke huyu wangu apungue hata 5. Atakuwa 184 badala ya 189.

Na hapo ndo pananikaba mie. Sentimita tano, kwa magoti mawili yalokuwa mazima, tena kwa utabiri ambao wenyewe wakubali unaweza kukosea sentimita kadhaa huku na huku. Kitabu chenyewe cha picha kilitengenezwa kwa watoto wa kizungu wa Cleveland, Marekani, wa miaka ya thelathini na arubaini, watoto wa watu wenye uwezo. Binti wa Kisauni, Mombasa, anapimwa kwa mikono yao.

Lakini kubwa kuliko hesabu ni hili, na ndo lililonifanya niandike uzi. Dhiki ya mtoto wangu si ya mwaka ule atakapofika 189. Ni ya leo, na leo ana 174. Makanga anamtoza nauli ya mtu mzima na kumfokea ajisogeze, mwalimu mgeni anamwambia wewe mkubwa huoni haya kucheza na watoto, muuza duka anamuuliza kama ameolewa. Madereva wa boda pale stejini wanamwita majina ambayo sitayaandika hapa, mtoto wa miaka 12, na ukiwakabili wasema mama mbona ni mtu mzima huyu. Anainama sasa, mabega yameingia ndani, anavaa buibui kubwa hata kwenda dukani kwa sababu ataka kujificha. Hakuna keekee itakayomrudisha kuwa sentimita 150 kama wenzake. Ukimpasua leo, kesho yule boda bado yuko pale stejini.

Nataka kusikia wengine, haswa walo warefu wenyewe.

kijana_wa_Tudor

Shukran Ummu kwa kutufungua macho. Swali, kwani hayo magegedu hayawezi kufungwa kwa muda halafu mtu akibadilisha nia yafunguliwe? Nimesikia kuna vyuma vinawekwa.

fizio_likoni

Salaam, mimi ni mfiziotherapia, nimeshughulika na watoto walofanyiwa hii kwa ajili ya mguu mmoja kuzidi, sijamshughulikia wa urefu, kwa hiyo ntasema ninalolijua. Ndugu yangu wa Tudor, ndio, kuna skrubu zinapitishwa kwenye gegedu, Métaizeau wa Ufaransa aliandika hiyo njia 1998, na kuna pini na vibamba vya pembeni vya kunyoosha matege, hivyo vibamba ndo vikitolewa kwa wakati mguu waendelea kukua. Lakini ile ya kukwangua hairudi nyuma. Mtoto akiamka kesho akajuta hakuna la kufanya.

Niongezee mambo matatu manne ambayo wazazi hawaambiwi. Gegedu lazima life sawasawa upande wa ndani na wa nje, upande mmoja ukibaki hai goti laenda mshazari, ama matege ama magoti yanagongana, na goti moja likichelewa kuliko jingine mtoto anabaki na miguu isiyolingana, yani umemtengenezea ule ugonjwa ambao operesheni ilibuniwa kuutibu. Ndo maana lazima eksirei za kufuatilia mpaka kukua kuishe, usikubali daktari akwambie nenda tumemaliza. Halafu kuna kile kifupa chembamba cha pembeni ya muundi, fibula, pengine nacho yabidi kisimamishwe kisije kikapita mwenzake, na pale kichwani mwake unapita mshipa wa fahamu, ukiumia mguu hauinuki mbele, mtu anaburura kidole akitembea. Ni nadra, wapasuaji walozoea huwa waangalifu mno pale, ila iulize. Goti kujaa maji na uchungu wa wiki za mwanzo ni kawaida.

Na umbo. Miguu inasimama, kiwiliwili chaendelea. Kwa mtoto mwenye miguu mirefu kupita kiasi huenda ikakaa vizuri, kwa yule ambaye urefu wake uko kiwiliwilini utambakisha na miguu mifupi kwa mwili wake. Kwa hiyo apimwe pia akiwa amekaa, si kusimama pekee.

MzeeMakadara

Mwanangu UmmuKisauni Mungu akupe subira. Mimi nauliza la dini. Mtoto mzima, haumwi, unamkata mifupa kubadilisha alivyoumbwa? Hilo si jambo la kuuliza daktari peke yake.

UmmuKisauni

Shikamoo mzee wangu. Nililiuliza kwa sheikh wetu, naye hakukimbilia kusema haramu wala halali. Aliniuliza, mtoto ana madhara gani ambayo operesheni itamwondolea, na daktari mwaminifu amesemaje. Nkajikuta nina jibu la pili tu. La kwanza nlikuwa sina, na ndo likanifanya nianze kumtazama mtoto badala ya kutazama futikamba. Kwa mwengine ambaye mgongo umeanza kupinda ama moyo una shida jibu litakuwa lingine.

NdefuWaBamburi

Mimi ni mwanamke, nina sentimita 188, nina miaka 34, na nitasema jambo ambalo halitapendwa hapa. Mie ningeifanya. Ningeambiwa nikiwa na miaka 12 ningesema ndio, na leo hii nikiulizwa bado ningesema ndio.

Dada yangu waniambia sentimita tano ni kidogo. Kwako wewe ni kidogo. Mie najua kila sentimita mahali inapogusa. Magoti yangu kwenye matatu ya Likoni yanakaa ubavuni mwa jirani, nikinunua buibui tayari inafika nusu ya muundi kwa hivyo lazima nishonewe Mji wa Kale, viatu nakwenda Kongowea kwenye mitumba ya kiume. Wachumba walokuja nyumbani wengine waliniona nimekaa wakafurahi, niliposimama kuwaamkia nyuso zikabadilika, na hilo liliniuma kwa miaka. Kuna mrefu wa 183 na kuna mrefu wa 188, si sawa, mmoja watu wasema mashallah mwengine wasema subhanallah.

Jingine, watu waache kumwambia kila msichana mrefu acheze volibo ama mpira wa kikapu. Timu ya kikapu ya wanawake ya KPA, wale wa Mamlaka ya Bandari, tunaipenda, nimekwenda mwenyewe Makande kuwatazama, ni wanawake wa kujivunia. Lakini mie sikupenda mpira. Nlipenda hesabu. Kila nilipoingia chumba watu walinitafutia kikapu.

Ila ya boda ni kweli kabisa na nimelia nikiisoma. Nilianza kusumbuliwa nikiwa darasa la tano. Hakuna mtu alomwambia mamangu kwamba mimi ni mtoto, hata mamangu mwenyewe pengine alisahau, alinipa kazi za mtu mzima. Msifanye hivyo. Mtoto mrefu abebwe, aachwe acheze, alilie mambo ya kitoto.

UmmuKisauni

Dada yangu wa Bamburi, ahsante, na sikupingi. Mwili ni wako, hizo sentimita umeziishi wewe. Ndo maana nasema mtoto ndo wa kuulizwa, si babake wala mie wala wifi. Ila moja tu niliseme ili mtu asije akategemea, hii operesheni haigusi nyayo wala mikono, viatu vingebaki vile vile vya Kongowea.

Nilimkalisha binti yangu, nkamweleza yote, picha na kila kitu, bila babake kuwepo manake mbele ya babake husema ndio kwa kila jambo. Akauliza kama ataweza kuacha kuinama. Nkamwambia hilo halimo kwenye operesheni. Akauliza kama itauma. Itauma kidogo. Akanyamaza, halafu akasema yeye hataki kukatwa magoti, ataka tuhame ile njia ya stejini. Wallahi tulikuwa tumekaa tukihesabu milimita za mifupa na mtoto shida yake ilikuwa njia. Sasa baba yake anamsindikiza asubuhi, na alikwenda kwa wale vijana akasimama nao akawaambia umri wake. Shuleni nilikwenda mie.

MamaKijanaMagongo

Kaka zangu na dada zangu, wangu ni mvulana. Miaka 14, sentimita 196, mifupa yasema miaka 14, daktari kahesabu atafika 211. Sauti bado nyembamba. Analala chini kwa sababu kitanda hakimtoshi, na mgongo ameanza kulalamika. Mimi nimesoma uzi wote na moyo wangu bado wataka hiyo operesheni. Nimekosea?

UmmuKisauni

La, dada, hujakosea hata kidogo. Huyo wako ni mzani mwengine kabisa. Kule wanakoifanya huanza kuifikiria msichana akitabiriwa kupita kama 185 na mvulana kama 200 ama 205, na 211 na maumivu ya mgongo ni jambo la kuongea na mpasuaji kwa dhati. Tena usikawie, manake mifupa ya miaka 14 kwa mvulana ndo ukingoni, ikichelewa zaidi kinachobaki ni kidogo na unampasua kwa sentimita moja mbili.

Lakini kabla ya magoti, sababu. Hili naliomba kwa kila mzazi anayesoma, hata yule ambaye hataki operesheni kabisa. Urefu mara nyingi ni wa ukoo tu kama wetu, ila kuna marefu yenye kitu nyuma yake. Mvulana mrefu, miguu mirefu, balehe imechelewa, yabidi aangaliwe kromosomu, zile nyuzi za urithi zilizo ndani ya mwili, kuna hali ya Klinefelter ambapo ana X moja ya ziada, na yatibika vizuri ikijulikana mapema. Mtoto ambaye amechomoka ghafla, viatu vinabadilika kila mara, kichwa chauma, macho hayaoni pembeni, huyo aangaliwe homoni ya ukuaji, kuna uvimbe mdogo wa kwenye tezi chini ya ubongo. Sultan Kösen wa Uturuki, mwenye sentimita 251, ni uvimbe huo, na aliendelea kurefuka mpaka utu uzima kwa sababu ulikuwa haujadhibitiwa. Kwa mtoto wa namna hiyo dawa iko kichwani, si gotini.

Na kuna Marfan. Hiyo ndo ilonikosesha usingizi. Ni udhaifu wa nyuzi zinazoshika mwili, mtoto anakuwa mrefu mwembamba, vidole virefu, kifua kimeingia ndani ama kimetokeza, miwani minene, na ule mshipa mkuu unaotoka moyoni hupanuka kidogo kidogo bila kuuma. Flo Hyman, mchezaji wa volibo wa Marekani aloshinda medali ya fedha ya Olimpiki 1984, sentimita 196, alianguka benchini Japani mwaka 1986 katikati ya mechi akafa, miaka 31. Watu walikuwa wakiusifu urefu wake maisha yake yote na hakuna alomtazama moyo. Ukijua mapema kuna dawa za kupunguza mkazo kwenye mshipa huo, na mshipa wenyewe warekebishwa kabla haujapasuka. Wangu tulimfanyia eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, na tukampima macho, alhamdulillah ni mzima.

fizio_likoni

Naunga mkono. Na mtoto wa Marfan asipasuliwe goti kabla mpasuaji na wa nusu kaputi hawajaona eko. Mama Magongo, ule mgongo nao upigwe eksirei, uti ukipinda kwa mtoto anayekua kasi huwa haungoji.

NdefuWaBamburi

Mama Magongo muulize kijana mwenyewe pia. Na umfanyie kitanda, fundi wa Changamwe anaweza kukutengenezea cha futi saba na nusu kwa bei ya kawaida. Hilo halisubiri daktari.

MamaKijanaMagongo

Mungu awabariki. Nianzie wapi hapa Mombasa, na niende na nini?

UmmuKisauni

Anza na daktari wa watoto, Coast General ama unakotibiwa, aandike barua. Eksirei ya mkono na eko ya moyo zinafanyika hapa hapa mjini. Daktari wa homoni za watoto ndo wengi wao wako Nairobi, huko kwenye hospitali ya watoto ya Gertrude's mafunzo ya madaktari hao wa nchi za Afrika yalianza 2008, basi utapanda treni pale Miritini. Mpasuaji wa mifupa uje umuone mwisho, ukiwa na majibu yote mkononi, na umuulize ameifanya kwa watoto wangapi, miguu yote miwili, na nani atafuatilia eksirei mpaka kijana atakapomaliza kukua.

Beba kadi yake ya kliniki ya utotoni na kila kipimo cha urefu ulichonacho, hata zile alama za kalamu ukutani zipige picha na tarehe zake, daktari ataka kuona alivyopanda mwaka hadi mwaka. Urefu wako na wa babake mpimwe kweli, msikadirie. Na leo usiku mpime mikono: asimame mgongo ukutani, anyooshe mikono yote miwili kama msalaba, pima ncha ya kidole cha kati mpaka ya pili, gawanya kwa urefu wake. Ikipita 1.05 huenda ni dalili ya ile Marfan, mwambie daktari siku hiyo hiyo ya kwanza, usingoje aulize.